Raba za mfarishi za kushona mwenyewe: soli ya kamba, soli ya mtumba au soli mpya?

Mezani kwangu kuna jozi tatu za raba. Zote nimezishona mwenyewe, na juu zote ni kitambaa cha mfarishi: nguo ya nje, kitu laini katikati, bitana ndani, vyote vikashikanishwa kwa mistari ya uzi. Ukizitazama kwa juu utasema zimetoka tumbo moja. Zigeuze sasa. Ya kwanza ina soli ya kamba. Ya pili ina soli ya raba ya mtumba iliyochanika juu nikaifumua. Ya tatu ina soli mpya ya mpira, yenye ukuta ulioinuka pembeni kama sahani yenye kina.

Nalinganisha soli kwa makusudi, na vitambaa vitafuata. Karibu kila anayeniuliza habari za kazi hii anakuja na kitenge mkononi. Amekipenda, pengine ameshakikata, na sasa anatafuta cha kukibandika chini. Ameanzia mwisho. Soli ndiyo inayoamua mfarishi uwe mnene kiasi gani, ukingo wa chini ukunjwe au uachwe wazi, kazi imalizwe kwa sindano au kwa gundi, na kama utahitaji kalibu, lile umbo gumu la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake, au utamudu bila kalibu. Kitambaa kizuri kikikaa juu ya soli isiyokifaa, utapata kiatu cha kupigia picha, lakini sokoni hakikufikishi.

Hata hivyo mfarishi wenyewe una mambo yake, na hayo ni yale yale kwa soli zote tatu, kwa hiyo niyamalize kwanza.

Kanga, kitenge au jinzi

Jinzi ndiyo ngumu kuliko zote, na suruali moja kuukuu inatosha jozi nzima. Ubaya wake ni unene: jinzi mbili na kijazo katikati, pale vipande vinapokutana kisiginoni, cherehani ya nyumbani inagoma. Ukiitumia, iweke nje tu, na bitana iwe nyepesi.

Kitenge ndicho ninachokitumia mara nyingi. Kimefumwa kwa kubana kuliko kanga, na maua yake makubwa yanakupa njia ya kufuata na sindano, huhitaji hata kuchora mistari. Kifue kwanza kwa maji ya moto na kikauke, maana pamba inarudi, na ni heri irudi kabla haijawa kiatu.

Kanga ni nyepesi. Peke yake haivumilii kidole gumba kinachosukuma kutoka ndani. Inataka kuwekewa kwa nyuma kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi nguo hukitia kwenye kola, ipigwe pasi ishike, ndipo iingie kwenye mfarishi. Ikishatendewa hivyo inafaa kabisa, na pindo la kanga likizunguka kiatu linapendeza kuliko chochote nilichowahi kukivaa mguuni.

Kuna jambo la kanga nililofundishwa na shangazi yangu. Jozi ya kwanza ya kanga niliikata ili jina likae ubavuni, mtu alisome ninapopita. Jina lenyewe lilikuwa na neno Mungu. Shangazi alikinyanyua kiatu, akakisoma, akakirudisha mezani taratibu. "Mwanangu, na chooni nako utaingia nacho?" Nilikifumua usiku ule ule. Tangu hapo natumia pindo na mji tu, na jina nalihifadhi kwa kazi nyingine, mfuko au mto. Ukiwa na mkwe au bibi nyumbani, mwonyeshe kipande kabla hujakikata.

Cha kutia katikati

Hapa ndipo nilipopoteza vitambaa vingi. Sponji ya milimita 3 inatulia vizuri chini ya sindano, na kiatu kinatoka kimejaa kama cha dukani. Lakini inanyonya jasho na maji, na haikauki upesi. Kwa joto la Dar es Salaam mguu unachemka. Pamba nyepesi ya nyuzi za plastiki, ile ya kujazia mito, inaonekana nono siku ya kwanza, kisha inalala kisiginoni na kwenye vidole, mahali penye msuguano.

Sufi niliitaka kwa moyo wote, kwa sababu mti wa msufi upo nyuma ya nyumba ya bibi na godoro nililolalia utotoni lilijazwa kwa sufi. Haifai. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, mshono hauzikamati; zinahama, zinakusanyika kona moja, nyingine zinachungulia kwenye matundu ya sindano. Iache kwenye mto.

Kinachofaa ni blanketi jembamba lililochakaa, au flaneli mbili zilizowekwa pamoja. Halihami, sindano inapita bila kelele, jasho linakauka kikiachwa kiatu dirishani usiku mmoja. Kwa bitana tumia bafta au marekani, ile pamba ngumu isiyopaushwa iliyopata jina lake kutokana na vitambaa vya Marekani vilivyouzwa Unguja karne ya 19. Bitana ya suti inateleza na mguu unaogelea ndani yake.

Shona kwanza, kata baadaye

Mistari ya mfarishi inavuta kitambaa. Kipande changu cha sentimita 40 kilitoka kwenye cherehani kikiwa na 38 na nusu. Jozi yangu ya kwanza nilikata vipande kwa kipimo sahihi, nikavishona mfarishi baada ya kukata, na vidole vikabanwa. Kwa hiyo kata mstatili mkubwa, piga bandi tabaka zote tatu ili zisitembee, anza mshono katikati ukielekea nje, na ukishamaliza mistari yote ndipo uweke kiolezo juu na kukata. Mistari iachane sentimita 2 hivi. Ikikaribiana zaidi kitambaa kinakuwa kikavu kama kadi. Ikiachana sana, tabaka zinaanza kupishana pale kiatu kinapokunjika.

Sindano ya cherehani namba 16 kwa mistari, namba 18 kwa maungio. Urefu wa mshono milimita 3. Uzi wa poliesta au nailoni, usitumie wa pamba, kwa sababu mguu unatoa maji kila siku na pamba iliyoloa na kukauka mara kwa mara inaoza.

Na mkono je? Kwa aliyekulia pwani akiona mama zake wakishona kofia za mkono, tabaka mbili za nguo nyeupe zikigeuka ngumu kwa wingi wa mishono, jibu analo tayari. Mfarishi wa mkono ni mzuri kuliko wa cherehani na unakunjika vizuri zaidi. Ila jozi moja inakula wiki mbili za jioni. Mimi nashona ubavu kwa cherehani na pua ya kiatu kwa mkono, kwa sababu pua ndiyo inayotazamwa.

Soli ya kamba

Hii ni soli iliyosokotwa kwa kamba ya juti, ikalazwa kama mkeka wa duara lililovutwa, na chini ikapakwa tabaka jembamba la mpira. Kwao ni milima ya Pirenei, kati ya Hispania na Ufaransa; mji wa Mauléon, upande wa Ufaransa, unajulikana kwa viatu hivi hadi leo. Huko ni kiatu cha kuvaa bila kamba, cha kiangazi. Ukikitia ulimi na matundu ya kamba kinageuka raba nyepesi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakihitaji gundi hata tone, wala kalibu. Unakunja ukingo wa chini wa mfarishi, unaubana kwa pini kuzunguka soli, kisha unashona kwa mkono mshono ule wa kuzungushia ukingo wa blanketi, sindano ikiingia ndani ya kamba kama sentimita moja na kutokea juu. Ukianzia katikati ya pua na kurudi nyuma upande mmoja, kisha upande wa pili, kiatu hakipindi. Mtu aliyewahi kushona kifungo anaweza kuimaliza jozi kwa jioni mbili. Na ukikosea, unafumua, unarudia, hakuna kilichoharibika. Kwa kujifunza hakuna mwalimu mpole kuliko huyu.

Mfarishi kwa soli hii uwe mwembamba, kwa sababu ukingo unakunjwa: tabaka tatu zinakuwa sita, na sindano ya mkono inapita kwenye sita na bado inatakiwa iingie kwenye kamba. Mimi natoa kijazo kwenye sentimita moja ya mwisho kabla ya kukunja. Unafungua kidogo, unakata blanketi la katikati kwa mkasi mdogo, unafunga.

Sasa ubaya. Juti inakunywa maji. Mvua moja ya masika ukiwa umeivaa, soli inavimba, inakauka ikiwa imepinda, na ikirudia mara kadhaa inaoza. Kufua kwa kuloweka hakuna. Na upatikanaji ni shida: jozi niliyo nayo soli zake niliagiza kwa ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya, ambako maduka ya vifaa vya kushonea huziuza zikiwa wazi kabisa, za kujishonea. Nilidhani nitaepuka safari hiyo kwa kusuka mwenyewe kwa kamba ya mkonge, si ndiyo mali yetu tangu 1893? Kamba ya mkonge ni kali mno. Inakwaruza nyayo, inakataa sindano, na ukiilazimisha inachana uzi. Inatengeneza kizulia kizuri cha mlangoni, kiatu hapana.

Soli ya raba ya mtumba

Hii ndiyo nitakayoizungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na kila mmoja wetu na ndiyo ambayo watu wanaidharau.

Pale penye mitumba, Kariakoo, Gikomba, Owino, huwa kuna fungu la raba ambazo hakuna anayezitaka. Zimechanika juu, zimetoboka pembeni penye kidole kidogo, lakini chini bado zina meno. Tafuta zile za turubai zenye ukanda wa mpira uliozunguka chini. Katika raba za aina hiyo kitambaa, ukanda na soli viliingia pamoja kwenye tanuri na mpira ukaivia papo hapo, kazi iliyowezekana tangu Charles Goodyear aliposajili hataza yake ya kuupika mpira na salfa mwaka 1844. Maana yake kwetu ni hii: soli hiyo haibanduki, na usijaribu kuibandua. Wewe unafanya kazi juu yake.

Kata kitambaa cha zamani kwa mkasi mkali, ukiacha sentimita moja na nusu kuzunguka juu ya mpira. Nyuma, kisiginoni, acha sentimita nne au tano, kwa sababu humo ndani mna kile kipande kigumu kinachoshika kisigino. Ukikiacha umejiokolea kazi ngumu kuliko zote. Kitambaa ulichokata usikitupe! Kifumue mishono yake, kipige pasi, kilaze kwenye karatasi, na hapo una kiolezo cha saizi yako ambacho kiwanda kilikilipia. Ongeza sentimita moja kila ukingo kwa ajili ya unene wa mfarishi. Hakuna kalibu, hakuna kufunga mguu kwa plastiki na selotepu ili kupata umbo, hakuna kubahatisha.

Kisha mfarishi wako, ukiwa umeshaunganishwa kisiginoni na kuwekwa ulimi, unavishwa juu ya kile kipande kilichobaki. Ukingo wake wa chini unakunjwa kwa ndani na kutulia juu ya mpira kabisa. Unashona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye nta, sindano iliyopinda kama ile ya mafundi wa makochi. Sindano inapita mfarishi na turubai ya zamani pamoja. Ni kazi ya subira: kwa kiatu kimoja nilihesabu mishono 140 na zaidi, na nilivaa kastabini mbili.

Nikichukue cha kushoto nikueleze kinavyoonekana sasa, baada ya msimu mzima. Pembeni, mahali mguu unapokunjika, mstari wa mfarishi umekunjika pamoja nao bila kupasuka. Mshono wa kuzunguka chini umeshika vumbi jekundu la njia ya kwetu, kwa hiyo unaonekana kama ulitiwa rangi kwa makusudi. Mahali pamoja, upande wa ndani penye upinde wa nyayo, nyuzi tatu zilikatika. Niliziona nilipofua, nikazirudia kwa dakika kumi. Soli haijasogea. Hiki kiatu ninakifua kwa brashi na sabuni ya mche, nakianika kivulini, na kesho yake nakivaa.

Kuna raba za kuepuka kwenye fungu hilo. Soli nene, nyepesi, zenye povu ndani, za raba za kukimbilia, zikiwa zimekaa miaka mingi ghalani hubomoka. Povu la poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Ibonyeze kwa ukucha: ikiacha shimo au ikitoa unga, irudishe. Ikunje mpaka pua ikaribie kisigino, angalia kama kuna nyufa. Inuse pia, maana harufu iliyoingia kwenye insoli haitoki. Insoli ya zamani ing'oe na ukate mpya kutokana na mabaki ya mfarishi wako. Hiyo insoli ya mfarishi, kwa kweli, ni raha ambayo viatu vya dukani havinipi.

Soli mpya ya ukuta

Hizi zinauzwa na wauza vifaa vya viatu, nyeupe mara nyingi, kwa namba kama viatu. Ndizo zinazotoa kiatu kinachofanana kabisa na cha kiwandani. Mtu akiniambia anataka kushona za kuuza, huku ndiko anakotakiwa kufika. Lakini asianzie huku.

Kwanza, unahitaji kalibu, au umbo la mguu lililojazwa matambara na kubanwa kwa selotepu mpaka liwe gumu. Mfarishi unashonwa kwenye kipande cha turubai chenye umbo la nyayo, unapata kitu kama soksi ngumu ya kitambaa. Soksi hiyo inavishwa kalibu, inapakwa gundi chini na pembeni, inaingizwa kwenye soli. Kisha, kama soli ina mfereji wa kushonea kwenye ukuta wake, unazungusha mshono kwa msharasi, kile chuma chenye ncha cha fundi viatu cha kutobolea, na uzi wa nta.

Pili, unene. Soli imetengenezwa kwa kupimia kiatu cha ngozi au turubai moja. Mfarishi wenye milimita 5 hautaingia. Utaulazimisha, ukuta utapanuka, na baada ya siku mbili utaona ufa kati ya kitambaa na mpira. Hapa lazima utoe kijazo kwenye sentimita 2 za chini, zile zitakazofichwa na ukuta. Kuna sababu nyingine kubwa kuliko unene. Gundi inashika nguo ya nje tu. Ikiwa nyuma yake kuna blanketi laini, kila hatua unayopiga inavuta nguo ya nje upande wake na blanketi upande wake, mpaka nguo inabaki imegandamana na soli huku kiatu kimeachia. Palipopakwa gundi panatakiwa pawe pagumu, tabaka zimeshonwa pamoja bila chochote laini katikati.

Tatu, gundi yenyewe. Gundi ya viatu ya kawaida, ya manjano, inashika vizuri mpira halisi na ngozi. Kwa soli za povu la EVA au za PVC waulize wauzaji gundi ya poliyurethani, vinginevyo itabanduka kama lebo ya chupa. Kwaruza soli kwa msasa, ifute vumbi, paka kitambaa na soli, subiri mpaka ukigusa kidole hakinati, ndipo ukutanishe. Ukishakutanisha huna ruhusa ya kusogeza. Bana, acha siku nzima. Fungua madirisha yote, watoto wakae mbali, na jiko la mkaa lisiwe karibu kabisa: mvuke wa gundi hiyo unashika moto.

Mimi jozi yangu ya tatu nilimpelekea fundi viatu wa mtaani aizungushe mshono wa ukuta. Alifanya kwa nusu saa kazi ambayo mimi ingenichukua siku na vidole viwili. Sioni aibu yoyote kugawana kazi hivyo: wewe una mkono wa nguo, yeye ana mkono wa mpira.

Gundi au sindano?

Swali hili ni la zamani. Japani, ambako wakulima na wavuvi walivaa nguo za kazi zilizoshonwa tabaka juu ya tabaka kwa mishono midogo midogo iitwayo sashiko, Ishibashi Shojiro aliingiza sokoni mwaka 1923 kiatu cha kitambaa kiitwacho jika-tabi, soli yake ya mpira ikiwa imegandishwa badala ya kushonwa, kwa sababu uzi ulikuwa unakatika na soli kuachia. Kilipendwa mashambani na migodini. Mwaka 1931 akaanzisha Bridgestone, ya matairi. Huko kiatu kilizaa tairi. Huku kwetu tairi lilizaa katambuga.

Lakini gundi yake ilikuwa mpira uliopikwa kiwandani. Ya kwetu ni ya kopo, na joto la lami ya saa nane mchana linaijua. Kwa hiyo kwa mtu anayefanya kazi nyumbani nasema sindano, na gundi iwe msaidizi. Ndiyo sababu soli mbili za kwanza nazipenda kuliko ya tatu: mshono ukikatika unauona na unaushona. Gundi ikiachia, mara nyingi imeshaingiza vumbi ndani, na hapo kuibandika upya bila kusafisha na kukwaruza tena ni kujisumbua.

Mtu ataniuliza kuhusu soli ya tairi, maana fundi wa katambuga yupo kila mji. Kwa ndala inafaa. Chini ya mfarishi ni nzito mno, haikunjiki, na matairi mengi ya siku hizi yana nyaya za chuma ambazo zinatoboa kitambaa kwa ndani. Sijaipa jozi.

Nani achukue ipi

Kama hujawahi kushona kiatu na umebahatika kupata soli ya kamba, ichukue hiyo, ujifunze jinsi kitambaa kinavyozunguka mguu. Ivae msimu wa kiangazi, ndani ya nyumba, ofisini, kwenye shughuli. Iweke kabatini Machi mpaka Mei.

Anayetembea kwa miguu kila siku, anayesimama dukani, mwanafunzi, yeyote anayepita kwenye vumbi na madimbwi: soli ya mtumba. Sioni mpinzani. Ni ya bei ndogo kuliko zote, kiolezo kinakuja nayo, inafuliwa, inashoneka upya. Binti wa dada yangu anauza vipodozi na anasimama kutwa. Nilimpa achague kati ya zote tatu, akavaa kila moja siku moja, akarudi na hiyo ya pili miguuni na hakuivua.

Kwa watoto pia ni hiyo, kwa sababu mguu wa mtoto unakua na hakuna haja ya kununua soli mpya kwa kiatu cha miezi sita. Tia blanketi kidogo zaidi kwenye pua, watoto wanasimamisha baiskeli kwa pua za viatu.

Soli mpya ni ya zawadi ya harusi, ya biashara, au ya mtu ambaye ameshamaliza jozi tatu nne na mkono wake umezoea. Pia ni ya mwenye mguu ambao mitumba haiupati, namba kubwa sana au ndogo sana. Jipe wiki nzima ya kuishona, na usivae mpaka gundi ikae siku yake.

Na kama hakuna soli yoyote, na unachotaka ni kiatu cha ndani kwa mgonjwa au mzee, wapo Wachina wanaotengeneza soli ya pamba tupu: vitambaa vingi vinagandishwa kwa uji mzito wa unga, vinakaushwa, kisha vinashonwa kwa uzi mnene mpaka vinakuwa kama ubao. Ni mfarishi juu na mfarishi chini. Nilimshonea bibi, kwa tabaka 20 za mashuka ya zamani. Havai nje, lakini sakafu ya saruji ya asubuhi haimsumbui tena.

Ukishaipata soli yako, kabla hujagusa kitenge, isimamishe juu ya karatasi ngumu na uizungushe kwa penseli iliyosimama wima, kushoto na kulia mbalimbali, kwa sababu soli za mtumba zimechakaa kila moja kivyake. Andika juu ya karatasi: kushoto, kulia, upande wa ndani. Kisha kunja mabaki ya blanketi mara mbili, yaweke juu ya mchoro, ukanyage peku na uangalie kama kidole gumba kimebaki ndani ya mstari.